Jicho la mbwa likivimba: la kufanya nyumbani, hatua kwa hatua

Mbwa amelala mzima, asubuhi anaamka jicho limefura hadi limebaki ufa tu. Mkono unakimbilia dawa yoyote ya macho iliyopo kabatini. Uzuie. Katika kutibu mbwa, macho yaliyonisikitisha zaidi ni yale yaliyotiwa dawa kabla mtu hajayaangalia. Ndiyo maana mwongozo huu unakawia sana kwenye kuangalia.

Hatua ya 1: Mwangalie mbwa mzima kwanza

Inua mdomo wake uone fizi. Kama zimepauka kuliko kawaida yake, kama anapumua kwa shida, anayumba, au uso unazidi kuvimba huku ukimtazama, hiyo ni dharura. Mbwa aliyeumwa na nyuki au nyigu anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache, na kwa mbwa kutapika na kuharisha ghafla ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Wengi hudhani amekula kitu kibaya, wakapoteza muda. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Lisome jicho

Nawa mikono. Kaa naye penye mwanga, mtu anayemzoea amshike mabegani. Weka kidole gumba chini ya jicho na kidole kingine juu yake, kisha fungua kope taratibu bila kuligandamiza jicho lenyewe. Linganisha na jicho la pili.

Swali kubwa ni hili: analifungua mwenyewe? Mzio, yaani aleji, huwasha. Mbwa mwenye mzio hujisugua uso kwenye zulia, mara nyingi macho yote mawili huwa mekundu na kutoa maji mepesi, kope zimejaa, lakini jicho liko wazi na linang'aa. Mbwa mwenye maumivu hulifumba, hukimbia mwanga, hurudisha kichwa nyuma mkono ukikaribia. Jicho moja likifumbwa, lihesabu limejeruhiwa hadi daktari aseme vingine.

Nenda siku hiyohiyo ukiona kioo cha jicho kina ukungu, rangi ya buluu au doa jeupe. Mboni za macho hazilingani ukubwa. Kuna damu, au tongotongo nzito za njano au kijani. Mbwa wa uso bapa, kama Pug na Shih Tzu, huweza kuchomoka jicho kwa purukushani ndogo tu. Likitokea hilo, lifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi na uondoke naye. Usijaribu kulirudisha.

Vitu viwili huwapotosha watu. Kinyama chekundu kinachochungulia kwenye kona ya ndani ya jicho mara nyingi ni tezi ya kope la tatu, kope la ziada alilonalo mbwa kwenye kona hiyo, iliyotoka mahali pake; usikikate. Na uvimbe ulio chini ya jicho, si kwenye kope, mara nyingi hutokana na jino kubwa la juu lililooza mzizini. Hapo hata ukiosha jicho mwezi mzima, jino linabaki palepale.

Hatua ya 3: Osha

Tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yanayouzwa famasi, yasiyo na dawa nyingine ndani. Ukiyakosa, chemsha lita 1 ya maji, tia gramu 9 za chumvi iliyopimwa kwa mizani, acha yapoe kabisa, uyatumie siku hiyo tu. Chumvi ya kukadiria kwa mkono itamchoma. Dawa ya kusafishia lensi za macho haifai.

Vuta maji kwa bomba la sindano ambalo umeshaitoa sindano yake. Shika bomba pembeni ya kichwa, si mbele ya uso, ili asilione likija. Mwaga polepole kutoka kona ya ndani kuelekea nje, na urudie. Nakumbuka jike mmoja wa kahawia aliyeletwa kwangu baada ya kuhangaika siku nne na kile walichodhani ni aleji. Nilipomwaga maji mara ya tatu, nyuma ya kope la tatu ikachungulia mbegu ya nyasi yenye ncha, ndogo kuliko punje ya mchele. Kitu kinachoelea kitatoka na maji. Kilichochoma jicho usikivute.

Tongotongo zilizokauka zilainishe kwa shashi yenye maji ya uvuguvugu, kipande kipya kwa kila jicho. Pamba huacha nyuzi.

Hatua ya 4: Poza uvimbe

Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, kikakamuliwa, kikawekwa juu ya kope lililofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku. Barafu isiguse ngozi. Ukiuona mwiba wa nyuki kwenye ngozi, utoe haraka.

Hatua ya 5: Mvishe kola ya koni

Ukucha mmoja unatosha kugeuza muwasho kuwa kidonda. Kola hii inayozunguka kichwa ipite ncha ya pua yake, vinginevyo haimzuii kujikuna. Atalalamika siku ya kwanza. Usimwonee huruma ukaivua usiku, maana usiku ndipo anapojikuna zaidi.

Hatua ya 6: Dawa

Matone yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, yakiingia kwenye jicho lenye kidonda hudhoofisha uponaji, na jicho linaweza kutoboka. Kidonda hicho huenda usikione kabisa kwa macho. Daktari hukitafuta kwa rangi maalumu inayong'aa kijani pale palipochubuka. Matone ya binadamu ya kuondoa wekundu nayo yanaweza kumdhuru mbwa, hasa akiyalamba. Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli usimpe. Chai, asali na maziwa yabaki mezani.

Kwa dawa ya mzio ya kumeza, kama setirizini, mpigie daktari umwambie uzito wa mbwa, akupe dozi. Kisha soma karatasi ya dawa: isiwe imechanganywa na pseudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, na kama ni ya maji isiwe na zailitoli, sukari mbadala inayoweza kumuua mbwa.

Uvimbe wa mzio huanza kushuka ndani ya siku moja. Usiposhuka, au ukirudi, mwite daktari.

Hatua ya 7: Tafuta kinachomsumbua

Anza na viroboto hata kama huvioni. Mate ya kiroboto mmoja yanaweza kumwasha mbwa mwenye mzio kwa siku nyingi. Chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia, kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu; vichembe vyeusi vikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto. Tibu wanyama wote wa nyumbani, si yeye peke yake.

Pili, vumbi na chavua. Fua matandiko yake kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, hapo utitiri wa vumbi hufa. Akitoka nje, mfute uso na nyayo kwa kitambaa chenye maji.

Chakula kiwe cha mwisho, kwa sababu kinataka uvumilivu. Daktari akusaidie kuchagua nyama ambayo hajawahi kula na wanga wa aina moja, apewe hicho tu kwa wiki 8 au zaidi: hakuna mabaki, hakuna mfupa, hakuna kipande anachodondoshewa na mtoto. Piga picha ya jicho kila Jumapili penye mwanga uleule. Akitulia, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi ndani ya wiki mbili, umekipata. Rudi kwenye kile cha majaribio, kisha uongeze chakula kimoja kimoja hadi ujue ni kipi.