Namna ya Kuifanya Furaha Kuwa Lengo Kuu la Maisha Yako

Mtu akiulizwa anataka nini maishani, hutaja kazi nzuri, nyumba yake mwenyewe, ndoa yenye amani au elimu ya watoto. Na akiulizwa tena anavitakia nini vitu hivyo, jibu lake mwishowe hurudi palepale, kwamba anataka kuishi kwa furaha. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alilieleza hilo kwa uwazi: mengine yote tunayatafuta kwa ajili ya furaha, lakini furaha hatuitafuti kwa ajili ya kitu kingine. Hata hivyo lengo hili, ambalo mengine yote yanalitumikia, ndilo ambalo watu hawalitengei saa wala siku. Kazi ina ratiba, fedha zina bajeti, na furaha huachiwa masalia. Ukiona vyaelea vimeundwa, na maisha yenye furaha nayo huundwa.

Anza kwa kutenganisha maneno, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea njia. Raha ni ya mwili na ni ya muda: kulala baada ya uchovu, kivuli wakati wa jua kali. Starehe mara nyingi hununuliwa, na aliyeinunua jana hulazimika kuinunua tena leo. Furaha ninayoizungumzia ni ile ya mtu kuyatazama maisha yake kwa jumla na moyo wake ukatulia, hata katika siku ambayo amechoka au amelia. Mzazi anayekesha na mtoto mgonjwa hana raha usiku ule, lakini ukimwambia aende kulala kwingine atakushangaa, kwani hapo alipo ndipo anapotaka kuwa. Anayechanganya mambo haya hujikuta akirundika starehe huku moyo ukibaki mtupu, kisha akaamua kwamba hakuumbiwa furaha, ilhali kosa lilikuwa katika kile alichokifuata.

Ukishajua unatafuta nini, usibadili chochote kwanza. Jichunguze kwa wiki mbili. Chukua daftari dogo, na kila jioni igawe siku iliyokwisha katika vipande, kimoja baada ya kingine: kuamka na kujiandaa, safari, kazi ya asubuhi, mazungumzo na mwenzako, saa za jioni. Kando ya kila kipande andika ulikuwa na nani na ulijisikiaje, kwa alama kati ya 0 na 10. Njia hii inafanana na ile iliyochapishwa mwaka 2004 na mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, ambao waliwaomba wanawake 909 wa jimbo la Texas, Marekani, kuigawa siku ya jana kama matukio ya filamu na kueleza hisia zao katika kila tukio. Muda wa kukaa na watu baada ya kazi ulikuwa miongoni mwa vipande vilivyoleta hisia nzuri zaidi, na safari ya kwenda kazini ilikuwa karibu na mwisho kabisa.

Nilipojaribu mwenyewe kwa mara ya kwanza, ukurasa wa Jumanne moja ulinishtua. Jioni nilikuwa nimemsaidia binti yangu hesabu za sehemu, tukikata karatasi katika vipande 8 ili aione nusu na robo kwa macho yake, nami nikaandika 9. Kuanzia saa 3 hadi saa 5 usiku nilikuwa kwenye simu nikipitia picha za watu nisiowajua, nikaandika 3. Kile kipande cha 9 kilichukua dakika 25 tu. Kabla ya kuandika, ningeapa kwamba muda wa simu ndio mapumziko yangu.

Kuandika kuna maana kwa sababu sisi binadamu ni wabashiri dhaifu wa furaha yetu wenyewe. Katika utafiti mmoja unaofahamika sana, uliochapishwa Marekani mwaka 1978, washindi 22 wa bahati nasibu walilinganishwa na watu wengine wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuliko wenzao, na vijambo vidogo vya kila siku viliwapa furaha ndogo zaidi. Tunazoea haraka kile kilicho kizuri, na tunapopanga maisha tunalisahau hilo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali jambo kubwa, iwe kazi mpya, nyumba ya mbali au biashara ya pili, usijiulize tu utajisikiaje siku ya kulipata. Jiulize Jumanne yako ya kawaida itakuwaje baada ya mwaka mmoja: utaamka saa ngapi, utasafiri kwa muda gani, utazungumza na nani, utarudi ukiwa na nguvu kiasi gani. Cheo kipya utawatangazia watu mara moja, lakini Jumanne utaiishi kila wiki.

Baada ya wiki mbili, soma daftari lako kwa makini na uangalie majina yaliyo kando ya alama za juu. Nadhani utakuta kwamba watu wanajirudia mara nyingi kuliko vitu. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya kundi la vijana, na utafiti huo umeendelea kwa zaidi ya miaka 80. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi ni kwamba mahusiano mema na watu wa karibu huambatana na furaha na hata afya njema uzeeni. Ukiwa na majina hayo, yapangie siku. Usiseme “tutaonana tukipata nafasi,” kwa kuwa nafasi haipatikani, hutengenezwa. Mwambie rafiki yako kwamba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi mtatembea pamoja, kisha ilinde Alhamisi hiyo kama unavyolinda miadi ya daktari. Kama ni mzazi anayeishi mbali, mpigie siku ileile na saa ileile kila wiki, hata usipokuwa na jipya la kumweleza, maana atakuwa anaingoja.

Lakini kuwapo kwa mwili hakutoshi. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwauliza watu 2250 kupitia simu zao, kwa nyakati zisizotabirika, walikuwa wakifanya nini na akili zao zilikuwa wapi. Kwa karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa imehama kutoka kwenye jambo lililokuwa likifanyika, na ilipohama watu walikuwa na furaha ndogo zaidi. Weka basi simu chumba kingine unapozungumza na mtu unayempenda. Hata ikiwekwa kifudifudi mezani, nusu ya akili yako inaisikiliza.

Fedha nazo zipangie sehemu ndogo kwa ajili ya wengine. Utafiti wa Elizabeth Dunn na wenzake, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watu waliopewa fedha kidogo na kuagizwa kuzitumia kwa mwingine walimaliza siku wakiwa na furaha kuliko walioagizwa kujinunulia kitu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kukataa. Saa unazotaka kuzitumia vizuri tayari zimeshikwa na jambo jingine, na mara nyingi ni jambo ulilolikubali kwa kuona haya. Usijibu ombi papo hapo. Sema utatoa jibu kesho, kisha litazame daftari. Ukikataa, kataa kwa maneno machache na ya heshima: “Nashukuru kwa kunifikiria, lakini safari hii sitaweza.” Usirundike visingizio, kwa kuwa kila kisingizio ni mlango wa kukushawishi upya. Wapo watakaokuita mbinafsi, na neno hilo linauma. Lakini anayetoa muda wake kwa kinyongo huwapa watu kinyongo hicho pamoja na muda, na wa kwanza kukipokea ni walio nyumbani kwake.

Kuna hatari moja ambayo ni lazima uijue. Anayeitaka furaha sana anaweza kuifukuza. Mwaka 2011 Iris Mauss na wenzake walionyesha kwamba watu waliosomeshwa maandishi ya kuisifu furaha, kisha wakaonyeshwa filamu ya kufurahisha, walifurahi kidogo kuliko wenzao, kwa sababu walijipima na kujiona wamepungukiwa. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyezama katika huzuni nzito mwaka 1826 akiwa na umri wa miaka 20, alifikia hitimisho la namna hiyo: furaha humjia aliyeuelekeza moyo wake kwenye jambo lingine, kama kazi anayoipenda au mema ya wenzake. Naliamini hilo kabisa, na sioni kwamba linapingana na kuwa na furaha kama lengo. Furaha iongoze upangaji wa wiki yako. Wiki ikianza, ishi ndani ya yale uliyoyapanga, na usisimame katikati ya mazungumzo au kazi kujiuliza kama sasa umefurahi.

Kama kwa wiki mbili mfululizo au zaidi hakuna kinachokupa furaha, usingizi umekupotea na hamu ya chakula imekwisha, huenda ni sonona, nayo ni maradhi yenye tiba. Nenda kwa daktari, daftari haliponyi.

Kwa wasio katika hali hiyo, ukaguzi mmoja kwa mwezi unatosha. Rudia kuandika kwa siku 3 au 4 za kawaida, uone ni kipi kimerudi kula saa zako na ni jina gani limetoweka, kisha rekebisha jambo moja tu kwa mwezi unaofuata. Mwezi uliopita nilikuta jina la ndugu yangu halimo katika ukurasa wowote, nami nikampangia Jumapili jioni. Daftari nililirudisha kwenye droo hadi mwezi ujao.