Tovuti ikigoma kufunguka, tafuta kwanza ni mlango upi uliofungwa

Msimu uliopita wa maombi ya mikopo ya vyuo, binti mmoja aliingia steshenari kwangu, hapa Msamvu, Morogoro, akiwa na baba yake. Walikuwa wametoka Turiani na basi la alfajiri. Binti alinipa shikamoo, akafungua khanga aliyokuwa ameikumbatia, ndani mkatoka laptopu ya kuazima kwa mjomba. Zilikuwa zimebaki saa chache muda wa maombi uishe, na siku ya tatu hiyo tovuti ilikuwa imegoma.

Mtu wa kwanza aliwaambia tovuti imezidiwa, wasubiri usiku. Wa pili akasema bando lao ni dhaifu, wakanunua jingine. Wa tatu akazima ukuta wa moto (firewall, mlinzi wa mawasiliano yanayoingia na kutoka), akaondoa antivairasi, akafuta kila kitu kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, pamoja na nywila zote za mjomba. Wote watatu walifanya hivyo bila kusoma mstari uliokuwa katikati ya skrini: ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Wala hakuna aliyejaribu kufungua tovuti nyingine. Angejaribu, angeona kwamba hakuna hata moja inayofunguka.

Kumbe mjomba hufanya kazi ofisi ambayo kompyuta zake zote hutokea kwenye intaneti kupitia seva moja ya kati, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, iitwayo proksi. Ofisini proksi ipo. Turiani haipo, kwa hiyo laptopu ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba ambayo haikujengwa. Niliingia Settings, kisha Network & Internet, kisha Proxy. Anwani niliyoikuta nikaiandika kwenye karatasi ili mjomba airudishe Jumatatu kazini, halafu nikaizima na kuacha ile ya Automatically detect settings ikiwa imewashwa. Tovuti ikafunguka hapo hapo. Saa kumi jioni binti akawa ameshatuma maombi.

Nimeona mambo ya namna hii mara nyingi mno, na huniuma, kwa sababu anayepoteza nauli na nafasi ni yule yule asiye na nauli ya kurudia. Nitaeleza ninavyofanya mimi.

Majaribio matatu kabla ya kugusa chochote

Fungua tovuti nyingine mbili tatu kwenye kivinjari hicho hicho. Kisha fungua tovuti iliyogoma kwenye kifaa kingine kinachotumia mtandao ule ule. Mwisho, washa hotspoti ya simu yenye laini ya kampuni nyingine, unganisha kompyuta yako humo, ujaribu tena.

Tovuti zote zikigoma kwenye kompyuta yako huku simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo inafungua, tatizo liko ndani ya kompyuta. Ikigoma kila kifaa kwenye Wi-Fi lakini ikafunguka kwa hotspoti, tatizo liko kwenye ruta au kwa aliyekupa mtandao. Ikigoma kote, kwa laini zote, basi ni tovuti yenyewe au njia kubwa ya kuifikia. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini, za EASSy na Seacom, zilipokatika, tovuti nyingi za nje zilikwama huku kwetu. Kesho yake nililetewa kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wameshazivuruga mipangilio yote wakitafuta ugonjwa ambao haukuwa wao.

Ukishajua upande, badilisha kitu kimoja tu, jaribu, na kisiposaidia kirudishe kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine. Andika kwenye karatasi. Nasisitiza karatasi, kwa sababu baada ya mabadiliko manne hakuna anayekumbuka la kwanza lilikuwa lipi.

Soma kilichoandikwa

Ujumbe wa kosa unatisha kwa herufi zake kubwa, lakini ndio shahidi wako bora. DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN maana yake jina la tovuti halikupatikana kwenye daftari la majina, kwa hiyo kabla ya yote hakiki tahajia. Watu huandika nukta mahali pa kistari, au .com mahali pa .go.tz. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT ni kwamba ombi lilitoka na jibu halikurudi. Mara nyingi kuna kizuizi njiani. ERR_BLOCKED_BY_CLIENT ni kizuizi kilichomo ndani ya kivinjari chako mwenyewe, kwa kawaida kile kiongezo (programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo. ERR_TOO_MANY_REDIRECTS mara nyingi huwa ni vidakuzi vilivyochakaa, yaani cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari.

Ukiona namba kama 403, 502 au 503, acha kuulaumu ukuta wa moto wa kompyuta yako. Namba hizo kwa kawaida hutoka kwenye seva, ina maana umefika mlangoni na wenye nyumba ndio wamejibu: 403 wamekukatalia, 502 na 503 wao wenyewe wana shida.

Kivinjari

Jaribio la haraka kuliko yote ni dirisha fiche: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome na Edge, Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Dirisha hilo huanza bila vidakuzi vya zamani, na viongezo vingi havifanyi kazi humo. Tovuti ikifunguka humo, chanzo umeshakipata. Zima viongezo kimoja kimoja, au futa vidakuzi vya tovuti hiyo peke yake kwa kubonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani. Usifute historia yote na nywila za mtu kwa ajili ya tovuti moja.

Halafu tazama saa. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea kompyuta ya mezani iliyokuwa inamwambia kila tovuti si salama, kuanzia ya benki hadi barua pepe. Alikuwa na hakika ameingiliwa na wezi, na usiku huo hakulala. Pembeni chini ya skrini tarehe ilikuwa ya mwaka 2012. Kila tovuti yenye https hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 huona cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika, ikakikataa. Nilirekebisha tarehe, kila kitu kikafunguka. Lakini kesho umeme ukikatika yangerudi yale yale, maana betri ndogo ya saa kwenye ubao mkuu ilikuwa imekufa. Inaitwa CR2032, bapa kama sarafu, na bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Nikaibadilisha. Ukirekebisha saa, chagua ukanda wa Nairobi, UTC+03:00, kwa sababu orodha ya Windows haina Dar es Salaam.

Kompyuta za Windows 7 zina shida yake. Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa 2023, toleo la mwisho kwao likiwa la 109. Tovuti ikikuambia kivinjari ni cha zamani mno, Firefox ya ESR 115, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, bado huingia kwenye mashine hizo na imeniokolea wateja wengi. Simu za Android zilizo chini ya 7.1.1 nazo huvikataa vyeti vya tovuti nyingi hata saa ikiwa sahihi, kwa sababu hazimtambui anayevitoa. Huko usihangaike, azima simu nyingine.

Na tafadhali, onyo la cheti likitokea kwenye tovuti unayotakiwa kuweka namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), nywila au namba ya akaunti, usibonyeze Advanced na kuendelea kwa nguvu. Tafuta sababu kwanza. Onyo hilo hilo ndilo litakalotokea siku mtu akiwa kweli amekaa katikati yako na benki yako.

Ukuta wa moto na antivairasi

Hapa ndipo watu huvunja zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukuta wa moto wa Windows umekuwa ukija ukiwa umewashwa tangu XP ilipopata Service Pack 2 mwaka 2004. Kwa mpangilio wake wa kawaida huzuia wageni wanaoingia bila mwaliko, lakini wenyeji wanaotoka hauwaulizi wanakwenda wapi. Kufungua tovuti ni kutoka. Ndiyo maana kuuzima mara nyingi hakusaidii kitu, na unabaki umeacha geti wazi kwenye Wi-Fi ya stendi. Ukuta huo huzuia tovuti ikiwa tu mtu au programu iliuandikia amri ya kuzuia. Kuhakikisha, tafuta Windows Defender Firewall, ingia Advanced settings, kisha Outbound Rules, uangalie kama kuna amri yenye duara jekundu inayotaja kivinjari chako. Ukiikuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Disable Rule, ujaribu. Usiifute, huenda kuna aliyeiweka kwa sababu. Kama kweli unataka kujaribu kwa kuzima ukuta wote, fanya ukiwa kwenye hotspoti yako mwenyewe, dakika moja, kisha washa kabla hata hujainuka kwenye kiti.

Mshukiwa mkubwa zaidi kwa uzoefu wangu ni antivairasi ya kununua au ya majaribio iliyokwisha muda. Nyingi zina ukuta wao na kinga ya tovuti, na baadhi hufungua mawasiliano ya https ili kuyakagua, kisha huweka cheti chao badala ya cha tovuti. Kivinjari kikiona cheti kisichokifahamu huandika NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Fungua maelezo ya cheti usome kimetolewa na nani. Ukikuta jina la antivairasi yako, umempata. Usiiondoe. Zima kinga ya tovuti kwa dakika kumi, jaribu, na ikiwa ndiyo yenyewe, ongeza anwani hiyo kwenye orodha ya tovuti zinazoruhusiwa.

Ofisini na vyuoni ukuta huwa kwenye mtandao wenyewe, wala si kwenye kompyuta yako. Itazame anwani: ikiwa baada ya jina kuna nukta pacha na namba, kama :8080 au :8443, tovuti hiyo haitumii mlango (port) wa kawaida wa 443, na mitandao mingi ya ofisi huruhusu 80 na 443 tu. Ndiyo maana inafunguka kwa data ya simu na kuganda kazini. Suluhisho ni kumwomba msimamizi wa mtandao, ukiwa na anwani kamili na namba hiyo mkononi. Usijifungulie njia ya uchochoroni kwenye mtandao wa mwajiri.

Daftari la majina

Windows ina faili liitwalo hosts, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Mstari wenye 127.0.0.1 au 0.0.0.0 ukifuatiwa na jina la tovuti unaiambia kompyuta kwamba tovuti hiyo iko ndani yake yenyewe, kwa hiyo haitafika popote. Mistari hiyo huachwa na virusi, au na programu za kuvunja leseni ambazo watu huwekewa wanaponunua kompyuta za mtumba. Fungua Notepad kama msimamizi, fungua faili hilo, weka alama ya # mwanzoni mwa mstari unaoutilia shaka ili kompyuta isiusome, hifadhi.

Kama faili ni safi, fungua dirisha la amri uandike ipconfig /flushdns, kisha badilisha DNS, yaani daftari la majina la mtandaoni linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Ukikuta ruta imewekwa 1.1.1.3, aliyeiweka alikusudia kuzuia programu hasidi na tovuti za ngono; kama ni mwenye nyumba au mzazi, zungumza naye kwanza. Kwenye Android angalia DNS ya Faragha. Iliyowekwa huko ikikwama, simu nzima inakosa intaneti ingawa bando lipo.

VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mahali pengine, nayo izime wakati wa majaribio. Baadhi ya tovuti zetu hukataa anayeonekana yuko nje ya nchi, na VPN inakuonyesha uko Uholanzi ilhali umekaa Kihonda hapa Morogoro. Tena kwa Tanzania, Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) iliwataka wanaotumia VPN kujiandikisha, kwa hiyo simshauri mteja aitumie kama dawa ya tovuti iliyogoma.

Ikibaki upande wao

Kuna siku kompyuta zangu zote sita zilikataliwa na tovuti moja kwa 403, na simu ikaifungua bila shida. Zote hutoka nje kwa anwani moja, na asubuhi hiyo wateja wanne walikuwa wamekosea nywila mara kwa mara. Seva ikaona mashambulizi, ikaifungia anwani yetu. Nilichofanya ni kutumia hotspoti na kusubiri, mchana ilifunguka.

Kama umepita kote na bado, waandikie wenye tovuti. Weka picha ya skrini inayoonyesha anwani nzima na kosa lenyewe, saa na tarehe, kampuni ya mtandao unayotumia, jina na toleo la kivinjari, na useme inafunguka wapi na inagoma wapi. Picha ipige wakati kosa linatokea. Na kama muda wa maombi unakaribia kuisha, ihifadhi vizuri, maana ndiyo utakayoonyesha ukifika kuomba uongezewe siku.