Jinsi ya Kupata Nyumba ya Kukodi kwa Muda Mfupi Mitaani Nairobi

Anayekuja Nairobi kwa wiki tatu au miezi miwili, awe amekuja kwa mafunzo, kwa matibabu au kumsaidia binti aliyejifungua, mara nyingi huanza kwa kutazama picha za sebule. Afadhali aanze na barabara. Kilimani, Kileleshwa na Lavington zina nyumba nyingi zenye fanicha na haziko mbali na katikati ya jiji. South B na South C humfaa mwenye shughuli za Mombasa Road. Roysambu na Kasarani ziko kando ya Thika Road, na kodi yake kwa kawaida ni nafuu. Ruaka na Rongai hutangazwa kana kwamba ni Nairobi, ingawa ya kwanza iko Kaunti ya Kiambu na ya pili Kajiado, jambo utakalolielewa vizuri ukiwa ndani ya matatu saa kumi na mbili jioni huku mvua ikinyesha. Kabla ya kuchagua mtaa, safiri mara moja kutoka hapo hadi unakoenda, saa ile ile utakayokuwa ukisafiri kila siku.

Bei za Airbnb na mitandao mingine ya kukodisha nyumba huonyeshwa kwa usiku mmoja, kwa hiyo anayekaa zaidi ya wiki mbili aombe bei ya mwezi, kisha aulize kama imejumuisha intaneti, usafi na stima. Mita nyingi za stima hutumia tokeni, yaani namba za umeme unaolipiwa kabla ya kutumika: soma salio pamoja na anayekukabidhi ufunguo, mkubaliane ni nani atakayenunua zikiisha.

Maji ndiyo jambo linalostahili maswali mengi zaidi, kwa sababu Nairobi husambaziwa maji kwa mgao na mtaa mmoja hupata siku ambazo mwingine haupati. Usiulize tu kama maji yapo, maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza mfereji wa jiji hufunguliwa siku gani, tangi linatosha siku ngapi, na kama jengo lina kisima. Fungua bomba la jikoni uonje tone moja, kwani maji ya visima vingine yana chumvi inayokataa povu la sabuni. Halafu ingia bafuni. Majengo mengi hupasha maji kwa miale ya jua, na kati ya Juni na Agosti mawingu hukaa juu ya jiji hadi mchana. Niliwahi kuoga maji ya barafu Julai nzima kwa kuwa sikuuliza kama kuna shawa ya umeme.

Rudi pia Ijumaa usiku, usimame nje ya lango kwa dakika kumi, kwani baa iliyo kimya saa nne asubuhi inaweza kutikisa madirisha saa nne usiku. Ukiwa hapo, muulize mlinzi kama usimamizi wa jengo unaruhusu wageni wa muda mfupi, kwa maana yapo majengo yanayowakataa na mengine yanayodai nakala ya kitambulisho mapema. Walinzi, kwa maoni yangu, husema ukweli kuliko tangazo lolote.

Usitume pesa kabla ya kuingia ndani ya nyumba yenyewe. Anayedai yuko ng'ambo na kwamba ufunguo utaletwa ukishalipa amana, achana naye. Wakati wa kulipa kwa M-Pesa, linganisha jina linalotokea kwenye simu na lile lililo kwenye mkataba. Yakitofautiana, simamisha malipo hadi upewe maelezo yanayoridhisha. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje tarehe za kuingia na kutoka, kiasi cha amana na siku itakayorudishwa. Siku ya kuingia, piga video ya kila chumba, ukionyesha kochi lililochanika na kioo chenye ufa, na umtumie mwenye nyumba kabla hujafungua mizigo.