Kukagua Nakala za Hifadhidata Zinazotofautiana Ukubwa
Ukikuta hifadhidata ya MySQL (programu ya kuhifadhi data) kwenye seva kuu ina gigabaiti 90 na nakala yake kwenye seva nyingine ina 60, usikimbilie kudhani kwamba data imepotea. Rekodi zinapofutwa, nafasi yake hubaki ndani ya faili la jedwali ikisubiri rekodi mpya, wala hairudishwi kwenye diski. Nakala iliyojengwa upya huandika rekodi zilizopo pekee, hivyo huwa ndogo. Sitisha uandishi kwa muda, uhakikishe nakala imepokea mabadiliko yote ya seva kuu, kisha linganisha yaliyomo kwa amri ya CHECKSUM TABLE, inayokokotoa namba moja kutokana na data ya jedwali, kwani hapo ndipo penye ushahidi. Yakilingana, amri ya OPTIMIZE TABLE itapunguza ukubwa wa jedwali kwa kuondoa nafasi tupu, mradi diski iwe na nafasi ya kulijenga upya.