Somo: Ukiokota Sarafu ya Kale, Ihoji Kabla ya Kuisugua

Wanachama, habari za jioni kutoka Kisumu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ahero aliniletea duara jeusi la shaba lenye tundu katikati. Lilitoka walipokuwa wakichimba shimo la choo. Akaniuliza, "Mwalimu, hii itanipa pesa ngapi?" Nikamuuliza, "Ilikuwa futi ngapi chini, na ilikuwa na nini?" Akanyamaza, kisha akakumbuka: kama futi nne, na palikuwa na vigae vya chungu. Vigae walivitupa.

Somo la leo linatokana na vile vigae.

Hatua ya 1: Acha kusugua. Nilipoanza kazi hii niliroweka sarafu kwenye limau na chumvi, nikaimalizia kwa waya wa sufuria. Iling'aa, lakini mwaka ulifutika na nusu ya jina ikaenda nao. Bado ninayo, na bado inaniuma. Toa udongo kwa maji safi na kidole, basi. Ule weusi wa shaba ni ngozi yake, haujaja kuiharibu.

Hatua ya 2: Andika mahali kabla hujaondoka. Kijiji, kina, rangi ya udongo, na kila kilichokuwa jirani yake: mkaa, mifupa, shanga, vigae. Piga picha ikiwa bado ardhini. Sarafu isiyojulikana ilikotoka ni shahidi aliyesahau alikuwa wapi siku ya kisa.

Hatua ya 3: Soma pande zote mbili, herufi kwa herufi. Chukua lenzi, ushike sarafu kwa kingo, uilaze taa iangaze kwa ubavu ili herufi zilizochakaa zitupe kivuli. Ile ya Ahero ilikuwa senti kumi, ile wazee waliyoiita peni. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu, chini yake 1936. Upande wa pili taji, na maneno EDWARDVS VIII REX ET IND:IMP, yaani Edward wa Nane, Mfalme na Kaisari wa India. Mfalme huyu alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla ya kutawazwa. Lakini jina lake tayari lilikuwa limefika mikononi mwa watu wetu. Shilingi za mwaka 1948 hazina tena lile neno la India, kwa kuwa India ilijitawala mwaka 1947. Herufi chache tu, na dola nzima imepungua mbele ya macho yako.

Hatua ya 4: Tenganisha mwaka wa kupigwa na mwaka wa kupotea. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka ulioandikwa unakwambia jambo moja tu: sarafu haikufukiwa kabla ya hapo. Ingeweza kukaa kwenye kibuyu cha bibi miaka arobaini. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wachimbaji walikuta zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, nyingi hazina tarehe. Kilichowasaidia ni dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, watawala Waislamu wa Misri, zilizokuwa ndani ya hazina hiyohiyo, kwa sababu dinari huandikwa mji na mwaka. Iliyo changa kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka, nayo iliwapeleka karne ya 11.

Mwaka wa Hijria ukikutana nao, ugawanye kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mfano 458: toa 14, unabaki na 444, ongeza 622, unapata 1066. Unaweza kukosea kwa mwaka mmoja, si zaidi.

Hatua ya 5: Pima. Mizani ndogo ya sonara inatosha kwa uzito, lakini kiasi cha fedha iliyomo kinahitaji kipimo cha sonara mwenyewe. Rupia ya fedha iliyokuja na wajenzi wa reli ilikuwa na fedha zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Florini ya 1920, iliyochukua nafasi ya rupia, ilikuwa nusu fedha. Shilingi ya 1921, robo. Dinari za Roma nazo zilianza karibu fedha tupu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 260 pesa iliyochukua nafasi yake haikuwa na hata sehemu tano katika mia. Serikali inaweza kuficha shida zake kwenye hotuba, kwenye madini ya sarafu haiwezi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kakamega: Mwalimu, bibi alikuwa na sarafu zenye tundu kwenye uzi. Ni yeye aliyezitoboa?*

Ndururu (senti tano) na peni zilitoka kiwandani na tundu, laini na katikati kabisa. Lakini ukiona shilingi yenye tundu pembeni, kingo zimechongoka, hiyo ilitobolewa na mtu ili ivaliwe. Huo ni ushahidi wa pambo, na mimi huuthamini kuliko mwaka ulioandikwa. Muulize bibi aliivaa lini.

*Mwanachama wa Nakuru: Sarafu ya China iliyopatikana kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, mwaka 2013 si inathibitisha kwamba Zheng He, yule amiri wa meli za China, alifika pale?*

Hapana, ndugu. Ni ya Mfalme Yongle, aliyetawala hadi 1424, na safari za Zheng He zilianza 1405, kwa hiyo nyakati zinaoana. Ila sarafu husafiri mkono kwa mkono. Inathibitisha kwamba Manda ilikuwa kwenye njia ya biashara hiyo. Nani aliyeishika, haisemi.

*Mwanachama wa Busia: Sarafu za Kilwa hazina mwaka. Zina faida gani?*

Zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayoshika kina cha jina hilo, kama mishororo ya shairi. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta sultani huyo Kilwa mwaka 1331. Hapo huhitaji tarehe.

*Mwanachama wa Siaya: Naweza kuiuza sarafu niliyoiokota?*

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kilichofukuliwa kinapaswa kuripotiwa. Kipeleke Makumbusho ya Kisumu, au Hyrax Hill ukiwa Nakuru. Ukiokota peni ya 1936, hiyo ni yako, dada, na zilipigwa kwa mamilioni.

*Mwanachama wa Kisumu: Na vile vigae vya Ahero?*

Yule kijana amevirudia Jumamosi, akavipata vitatu kwenye rundo la udongo. Kwenye mfuko ameandika "futi nne", nikamwambia aongeze "vimeokotwa juu ya rundo".