Namna ya Kuchagua Uzamili wa Usanifu wa Mafunzo kwa Njia ya Mtandao

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu, mkufunzi, ofisa rasilimali watu au mtu wa TEHAMA anayetaka kusoma mtandaoni, bila kuacha kazi, uzamili wa usanifu wa mafunzo, yaani taaluma ya kupanga na kutengeneza kozi. Mimi ni msanifu wa mafunzo hapa Dar es Salaam, natengeneza kozi za watumishi wa afya na wa mabenki, na mara kwa mara hukaa kwenye jopo la usaili tunapotafuta wenzetu wapya. Ninachoamini ni kwamba chuo kichaguliwe kwa kuanzia mwisho. Taja kazi unayotaka kuifanya, jiulize inadai uweze kufanya nini, kisha tafuta programu inayofundisha hayo. Kozi yoyote tunaisanifu hivyo, na hii ni kozi ambayo utailipia kwa fedha zako na usingizi wako.

Hatua ya 1: Andika kazi unayoitaka

Taaluma ni moja lakini kazi zake zinatofautiana sana. Msanifu wa benki au kampuni ya simu hutengeneza kozi fupi za kompyuta: kuzuia utakatishaji fedha, huduma kwa wateja, mfumo mpya uliofungwa ofisini. Aliye kwenye kitengo cha elimu mtandao cha chuo kikuu hukaa na wahadhiri, akageuza mihadhara yao kuwa moduli za Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Wa mradi wa afya huandaa mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wengine wana simu za batani na mtandao wa kubahatisha, kwa hiyo kazi kubwa huwa kwenye karatasi, kadi za picha na sauti. Wapo wa mitaala ya shule, kwenye Taasisi ya Elimu Tanzania au KICD, taasisi ya mitaala kule Kenya. Na wapo wanaofanyia kazi kampuni za Ulaya na Marekani wakiwa nyumbani kwao Arusha au Mombasa.

Kusanya matangazo ya kazi matano au sita ya aina unayoitaka na upigie mstari vitenzi: kuchambua mahitaji, kuandika hati ya video, kufanya tathmini, kusimamia mradi. Karatasi hiyo itakusaidia katika kila hatua inayofuata.

Kama ni mtumishi wa umma, nenda kwanza kwa ofisa utumishi wako ukaulize shahada yenye jina hilo itachukuliwaje kwenye kupanda daraja au kubadilishwa kada. Jina lililoandikwa kwenye cheti linaweza kuwa na uzito kuliko ulichojifunza. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Na kama lengo lako hasa ni kuhamia nje, jua mapema kwamba masomo ya mtandaoni hayafungui njia hiyo. Visa ya wahitimu ya Uingereza inadai uwe umesomea Uingereza kwenyewe, na kwa Marekani ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo ni ya waliokuwa na visa ya mwanafunzi.

Hatua ya 2: Hakikisha chuo kinatambulika

Fanya hivi kabla hujasoma kitu kingine chochote kwenye tovuti ya chuo. Kwa Marekani, ithibati inatolewa na mashirika ya ithibati, wala si serikali moja kwa moja, kwa hiyo angalia mawili: chuo kimo kwenye hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na shirika lililokipa ithibati linatambuliwa na wizara hiyo au na CHEA, baraza la ithibati ya elimu ya juu la huko. Usiishie kwenye nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa, maana wauza digrii huunda pia mashirika ya ithibati ya uongo ya kuwatetea. Kampuni ya Axact ya Pakistan ilipofichuliwa mwaka 2015, ilikutwa na utitiri wa tovuti za vyuo na za mashirika ya ithibati ambayo hayakuwepo popote. Kwa Uingereza, serikali huchapisha orodha ya taasisi zenye mamlaka ya kutunuku shahada; kama chuo hakimo, achana nacho.

Kisha rudi nyumbani. Tanzania, shahada za nje hutathminiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Uganda ni NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu. Kenya waulize CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, pamoja na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma. Waandikie kabla ya kulipa ada, ukitaja jina la chuo, jina la shahada na kwamba utasoma yote mtandaoni. Hilo la mwisho usilifiche. Tunakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, watumishi zaidi ya 9,900 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo waajiri wengi hawapokei karatasi bila kuichunguza, na mwenye cheti halali anapaswa kuwa na barua ya kukithibitisha tayari.

Hatua ya 3: Soma orodha ya masomo kwa jicho la mtaalamu

Unapotafuta, usitumie jina moja tu. Shahada hizi zinaitwa Instructional Design, Learning Design and Technology, Educational Technology, Digital Education, na mengine zaidi. Purdue, Indiana na Florida State zinazo kwa mtandao kule Marekani; Edinburgh inayo Scotland; Athabasca ya Kanada imejikita kwenye elimu masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo pitia pia programu zake za uzamili wa elimu kabla ya kuvuka bahari. Majina tofauti huficha mielekeo tofauti. Yenye neno la usanifu huelekea kwenye kutengeneza kozi, na ya elimu ya kidijitali huelekea kwenye utafiti, sera na fikra. Zote ni nzuri kwa mtu anayezihitaji.

Sasa chukua vitenzi vyako vya hatua ya 1 uvilinganishe na masomo ya lazima. Ya hiari yaache kwanza, kwa sababu mengine hayafundishwi kila mwaka.

Ninatafuta mambo manne. La kwanza ni uchambuzi wa mahitaji, yaani kujua kama tatizo la mteja linatatuliwa na mafunzo au linahitaji dawa nyingine kabisa. La pili ni nadharia ya namna watu wanavyojifunza. Wengi huiona nadharia kuwa ni kupoteza muda, wakakimbilia shahada inayoahidi kuwafundisha Storyline na Captivate, programu za kompyuta za kutengenezea kozi. Kumbuka yaliyoipata Flash. Kwa miaka mingi kozi za kompyuta zilijengwa kwa Flash, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ikaacha kuihudumia, vivinjari vikaizima. Ujuzi wa programu ile ulikwisha siku hiyo. Hatua tisa za kufundisha za Robert Gagné, mzigo wa akili aliouandikia John Sweller mwaka 1988, na kazi ya Richard Mayer kuhusu maneno na picha kufundisha pamoja, zote tunazitumia mpaka leo, hata kwenye kadi ya karatasi ya mhudumu wa afya. Storyline utajifunza mwenyewe nyumbani. Kujua kwa nini slaidi yenye maandishi mengi huku sauti ikiyasoma yaleyale inamchosha mwanafunzi, huko ndiko unakomhitaji mhadhiri.

La tatu ni tathmini. Ngazi nne za Donald Kirkpatrick zimekuwepo tangu 1959, lakini programu dhaifu huishia kwenye ile ya kwanza, ya kuuliza kama washiriki wamefurahia. Tafuta somo zima la tathmini. La nne ni ufikikaji: kusanifu kwa ajili ya asiyeona, asiyesikia, na mwenye mtandao hafifu. Ukikuta programu inagusa mazingira ya mtandao hafifu, iwekee alama nzuri, kwa kuwa wanafunzi wengi utakaowahudumia wanaishi humo.

Kuhusu ADDIE, utaratibu wa hatua tano za kusanifu kozi (kuchambua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini), iliyotoka Florida State mwaka 1975 katika kazi ya jeshi la Marekani: lazima uijue, lakini programu isiyokufundisha pia kutengeneza sampuli mapema, kuijaribisha kwa watu wachache na kuirekebisha, itakuacha nyuma ya kazi za leo.

Hatua ya 4: Tazama kazi za wanafunzi wao

Kama utafanya hatua moja tu kwa bidii, iwe hii. Fundi cherehani humjui kwa cheti alichotundika ukutani, unamjua kwa gauni alilomshonea jirani yako. Kwenye usaili sisi huanza kwa kumwambia mwombaji atuonyeshe kozi aliyoitengeneza, kisha atueleze alifuta nini na kwa nini. Wapo wanaokuja na shahada za vyuo vyenye majina makubwa wakiwa na insha tu mkononi. Insha zao ni nzuri, ila hatuwezi kuona kama wanajua kusanifu.

Ingia LinkedIn, tafuta jina la programu, fungua potifolio za wahitimu, yaani mikusanyo ya kazi walizotengeneza. Angalia kama kozi zao zinafanana mno, maana hiyo ni dalili kwamba kila mtu alipewa zoezi lilelile la kubuni. Angalia kama kuna mteja wa kweli: shule, hospitali, kampuni. Kisha mwandikie mratibu wa programu na kumuuliza haya:

– Katika masomo yote, ni mangapi yanaishia kwa kazi ninayoweza kuionyesha mwajiri?
– Mradi wa mwisho ni tasnifu au ni bidhaa? Naweza kuufanyia kazi ofisini kwangu Tanzania, kwa Kiswahili?
– Nani anasahihisha kazi, mhadhiri mwenyewe au msaidizi, na maoni huja baada ya siku ngapi?
– Unaweza kuniunganisha na mhitimu mmoja anayeishi Afrika?

Swali la Kiswahili mimi hulichukulia kwa uzito wa pekee. Chuo kinachokuruhusu kusanifu kwa ajili ya wanafunzi halisi wa Kiswahili, ukaandika uchambuzi kwa Kiingereza, kinakuacha na potifolio ambayo mwajiri wa hapa anaweza kuitumia kesho yake. Mratibu asiyejibu barua yako ukiwa bado mteja anayetafutwa, usitarajie atakujibu ukiwa umeshalipa.

Hatua ya 5: Pima saa zako na mtandao wako

Uzamili wa Uingereza una krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka mitatu ni kama saa 12 kila wiki bila likizo. Za Marekani huwa krediti 30 hadi 36 za aina yao, na mzigo haupishani sana. Chukua kalenda uoneshe saa hizo zitatoka wapi: alfajiri, Jumamosi, au baada ya watoto kulala. Waambie wa nyumbani kabla hujaanza.

Uliza kama kuna vipindi vya moja kwa moja. Kipindi cha saa moja jioni cha New York ni saa nane usiku kwetu, na kwao majira ya baridi yakiingia kinakuwa saa tisa usiku. Cha saa kumi na mbili jioni cha London kinakukuta saa mbili au saa tatu usiku, jambo linalovumilika. Omba pia kufunguliwa wiki moja ya somo kama mgeni, uifungue kwa simu na bando lako la kawaida, uone inakula kiasi gani.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya gharama yote

Bei ya krediti moja si bei ya shahada. Tuseme krediti ni dola 450 na zinatakiwa 36: hizo ni dola 16,200, sawa na dola 675 kila mwezi kwa miaka miwili. Ongeza ada ya teknolojia, vitabu, makato ya benki, leseni za programu, na bando. Ongeza pia ada ya kutathmini cheti chako cha shahada ya kwanza kama chuo kinadai. Mtihani wa Kiingereza usiulipie mpaka uulize. Baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza.

Wananchi wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, watazame ufadhili wa Commonwealth wa masomo ya masafa. Ufadhili huo hukulipia uzamili wa vyuo vya Uingereza ukiwa kwako, ila kwa programu zilizoorodheshwa mwaka huo tu.

Hatua ya 7: Ingia kwa ngazi

Vyuo vingi vya Uingereza vinakuruhusu kusimama njiani: krediti 60 ni cheti cha uzamili, 120 ni stashahada, 180 ndiyo shahada kamili. Mimi humshauri mtu aombe chuo cha aina hiyo na alipie somo mojamoja, ili ugonjwa, uhamisho au shilingi kushuka visimwache mikono mitupu. Baki na vyuo vitatu, utume maombi. Nakala rasmi ya matokeo iombe chuo chako cha kwanza miezi miwili kabla ya dirisha kufungwa, na wadhamini wako wapelekee vitenzi vyako vya hatua ya 1 ili waandike kuhusu kazi unayoiendea.