Mzee wa zabibu akifariki: tunavyoomboleza Dodoma

Taarifa zikishafika kwa ndugu na kwa padri au mchungaji, mtafute anayeshika ufunguo wa chumba cha matangi ya mvinyo wa marehemu. Nasema hivi kwa sababu misiba yetu huchukua siku nyingi na mvinyo hausubiri. Kama mzee ameacha zabibu nyekundu zinachachuka, maganda yanapanda juu, na yasipozamishwa angalau mara mbili kwa siku yanakauka na siki inaingia. Jasho lake la msimu mzima linapotea watu wakiwa wamekaa turubaini.

Chagueni mtu mmoja aliyefanya kazi na marehemu. Asichimbe kaburi, asitumwe kuni, asihesabu michango. Asubuhi na jioni afungue mlango, aache hewa ya uchachu itoke kwanza ndipo aingie, maana hewa ile inaua. Kisha azamishe maganda. Matangi yaliyokwisha kuchachuka ayajaze mpaka juu. Huyo naye yuko msibani, na chakula apelekewe hukohuko.

Shambani, zabibu zilizoiva hazingoji arobaini. Kama kipimo cha sukari kimefika, majirani waingie alfajiri, wavune kabla jua halijawa kali, na kila kreti iandikwe jina la marehemu kabla ya kutoka shambani. Kiongozi wa AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, asimame kwenye mizani. Mjane asije akabaki anauliza kilo zilikuwa ngapi. Ikiwa ni wakati wa kupogoa, acheni. Mzabibu utavumilia wiki moja au mbili.

Kwenye wasifu, kusema tu kwamba alipenda watu ni kumpunja. Semeni alipanda zabibu aina ya Makutupora nyekundu mwaka gani, alipigana vipi na ugonjwa wa ubwiri unga, nani alimfundisha kushika mkasi. Halafu waiteni waliofundishwa naye wasimame. Mimi nimewahi kuona nusu ya waombolezaji wakisimama, na watoto wake wakajua siku ile baba yao alikuwa nani kwetu.

Kuhusu kuonja mvinyo wake, muulizeni mjane kwanza. Msibani wapo Waislamu, wapo walokole, na turubai ni la wote. Ni kweli zabibu zetu zilianzia kwa wamisionari Wakatoliki, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kufungua chupa mbele ya jeneza. Ngojeni mpaka tanga lianuliwe, mkutane wakulima wenyewe nyumbani kwa mmoja wenu. Fungueni alioutengeneza kwa mikono yake, hata kama ni ule uliobaki kwenye dumu. Kila mtu aseme anachokionja. Ukiwa mkali kupita kiasi, sema ni mkali. Mzee aliyetufundisha kuonja hakutaka kupambwa, na kumdanganya leo ni kumvunjia heshima.

Siku ya kupogoa shamba lake nendeni wote. Matawi msiyachome. Kateni pingili zilizokomaa, unene wa penseli, zenye macho (vifundo vya kuchipua) matatu au manne, na kila aliyekuja aondoke nazo zikiwa zimefungwa kwenye gunia bichi. Zikifika nyumbani zifukieni macho mawili chini, upande uliokuwa karibu na shina ndio uingie udongoni. Mwagilieni, na wekeni kibao chenye jina lake, maana baada ya miaka miwili mitatu watu watauliza mbegu ile ilitoka kwa nani.